Upenyo wa Vidole Viwili

Msukuma mkokoteni aliuliza mara mbili kama mzigo ndio huo tu, na mara ya pili alicheka kabisa. Godoro moja, beseni la vyombo, jiko la mafuta, begi la nguo lililofungwa kamba kwa sababu zipu yake ilikufa zamani, na juu ya vyote hivyo mtoto wa kike wa miaka minne, ameshika brashi ya rangi kwa mikono miwili.

"Dada, hii si kuhama," alisema. "Hii ni kutembeza vitu."

"Twende, kaka yangu. Twende tu, na usipite barabara kubwa."

Yule mwanamume akaacha kucheka. Alimwona uso, akaona na jicho lililovimba chini ya mtandio, akainama akasukuma kwa nguvu zake zote bila kuuliza swali jingine. Mungu ambariki popote alipo.

Watu walimwita Mama Rangi kwa sababu miaka saba yeye ndiye aliyepaka rangi kila mlango, kila geti na kila dirisha lililotoka kwenye karakana ya mume wake. Nyumba nzima waliitwa familia ya milango, lakini mume alikuwa na jina lake: Cheche. Wateja walidhani ni kwa sababu ya kuchomelea. Mke wake alijua kwamba kuchomelea ni nusu tu ya maelezo. Cheche alimng'oa jino la mbele mwaka wa kwanza. Mwaka wa tatu alimchoma bega. Mwaka wa tano alimvunja mkono wa kushoto, na hilo tutalirudia, maana lina kazi yake mbele. Alivumilia. Na wewe unayetaka kuuliza kwa nini alivumilia, nenda kaulize kwingine, hapa tuna mtoto wa kuhamisha.

Mtoto mwenyewe aliitwa Nukta kwa udogo wake. Siku tatu kabla ya mkokoteni, Nukta aligonga kopo la rangi likamwagika kwenye geti lililokuwa tayari kupelekwa kwa mteja. Cheche alivua glavu kwanza. Alizivua taratibu, akaziweka juu ya meza, kisha akampiga mtoto kofi moja la sikio lililomrusha hadi kwenye rundo la vyuma. Damu ilitoka sikioni. Nukta hakulia. Aligeuka akamtazama mama yake, akangoja aone mama atafanya nini, na mama hakufanya kitu. Mtazamo ule ndio uliowahamisha. Siku tatu Mama Rangi hakula wala hakulala vizuri, na Cheche alipokwenda kufunga mageti mji wa pili, hakuna cha kwaheri wala cha barua. Alibeba alichoweza.

Chumba kilikuwa kwenye ua wa mkunga mstaafu, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita watu wa mtaa wa tatu, ambaye kila mtu alimwita Mkunga tu. Mama Rangi alikuwa amekiona siku moja kabla, mbio mbio. Alikagua paa kama linavuja. Alikagua sakafu, akagonga ukuta, akapima kwa macho godoro litakaa wapi. Mlango ulikuwa wazi, umefunguliwa kwa nje, na juu yake Mkunga alikuwa ameanika blanketi mbili nzito. Miaka saba ya milango, na mlango wa nyumba yake mwenyewe hakuutazama.

Siku ya kuhamia, jua likiwa bado juu, blanketi zilikuwa zimeanuliwa. Alitandika godoro, akapanga vyombo, akasimamisha lile jiko kwenye kona. Nukta alikuwa mlangoni akiupaka mlango maji kwa brashi yake, kazi aliyoizoea kuiona. Akasimama ghafla.

"Mama, ua la baba."

"Ua gani?"

"Hili hapa. Baba amefika?"

Mama Rangi alitoka nje, akapiga magoti. Chini ya kitasa, chini ya rangi ya kijani ambayo si yake, palikuwa na ua dogo la chuma lenye petali tano, moja fupi kuliko nyingine. Cheche aliliweka kwenye kila mlango alioutengeneza. Alilikata kwa vipande vilivyobaki, na petali ya tano daima ilimpungukia. Mama Rangi alikwangua kijani kwa kucha, na chini yake akakuta buluu yake mwenyewe.

Hapo ilibidi aangalie bawaba, ingawa alikuwa anajua atakachokikuta.

Bawaba ya mlango wa chuma haina uchawi. Kipande cha chini kina pini, cha juu kina tundu, na mlango unakalia pini kwa uzito wake. Fundi anayejiheshimu hubana mlango juu kwenye fremu usiweze kunyanyuka ukiwa umefungwa. Cheche hakubana. Aliacha upenyo wa vidole viwili juu ya mlango, kwa makusudi. Mteja akipoteza ufunguo alimpigia simu Cheche, na Cheche alikuja akafukuza watu wote uani, "mnaniharibia kazi," akabaki na mke wake tu. Cheche aliinama na mtaimbo chini ya mlango. Mke alisimama wima, mikono juu, tayari. Cheche alibonyeza, mlango ukapanda, ukaacha pini, na hapo hapo alipiga kelele, "Shika!" Mke akashika. Dakika moja, mlango uko nje, hakuna hata mkwaruzo. Watu walisema yule fundi ana dawa. Dawa ilikuwa mikono ya mke wake, kwa sababu mlango ule ukishaacha pini unaangukia upande wa aliyeinama, na ni chuma cha kubebwa na wanaume wawili.

Mara moja tu alichelewa. Alichelewa kufumba na kufumbua, mlango ukatua kwenye kidole cha mguu cha Cheche, ukaondoka na ukucha. Cheche aliokota mtaimbo ule ule akauteremsha kwenye mkono wa kushoto wa mke wake. Tangu siku hiyo akisikia "Shika!" mikono yake ilikwenda yenyewe, hata kabla akili haijajua imeitwa.

Sasa aliufunga mlango wa Mkunga, akaingiza ncha ya kiatu chini yake, akainua. Mlango ukapanda.

Alimfuata Mkunga aliyekuwa anafua kwenye karai kubwa katikati ya ua.

"Mama, samahani. Ule mlango, bawaba zake zinanyanyuka. Mtu akiwa na mtaimbo anaung'oa kutoka nje."

"Mlango wangu?" Mkunga alinyanyuka na mapovu mikononi. "Mwanangu, mlango ule umetengenezwa na fundi anayejulikana mji mzima!"

"Sibishi, mama. Nahitaji fundi yeyote aweke kipande cha chuma pale juu. Ni kazi ndogo."

"Wewe umejuaje mambo ya bawaba?"

Hapo ndipo palipokuwa pa kusema. Angesema, "Mume wangu ndiye aliyeutengeneza, na akijua nilipo ataniua," yasingetokea yaliyotokea. Lakini aliona aibu. Alikuwa amemwambia mama wa watu kwamba mume anafanya kazi mbali na jicho amegonga kabati, na uongo wa jana aliona haya kuukana leo. Alijibu, "Kaka yangu ni fundi." Mkunga akasema usijali, mwanangu, niachie mimi. Akaachiwa yeye.

Kesho yake, adhuhuri, Mama Rangi alikuwa anamsafisha Nukta sikio kwa pamba wakati Mkunga alipoingia bila hodi, uso unang'aa.

"Nimekumalizia! Namba ya fundi niliiandika ukutani tangu mwaka ule alipoufunga mlango. Nimempigia mwenyewe aliyeutengeneza."

Pamba ilianguka.

"Mwanzo alinijibu jeuri, mshenzi yule. Eti bawaba zake hazina kasoro. Nikamwambia usinibishie, mpangaji wangu ameona mwenyewe, anasema zinanyanyuka kwa mtaimbo. Akanyamaza. Nikadhani simu imekata. Halafu akauliza, mpangaji gani huyo? Nikamwambia mama mmoja na binti yake, wamehamia jana. We! Alivyobadilika! Mama huku, mama kule. Kasema yuko njiani, anakuja mwenyewe, hata..."

"Umempigia saa ngapi?"

"Nani, mimi? Kabla sijaosha vyombo."

Duniani walikuwepo watu wawili tu wanaojua siri ya upenyo ule. Mmoja aliukata. Mwingine alikuwa amejitangaza kwa mdomo wake mwenyewe.

Alisema yote kwa pumzi moja: jino, bega, mkono, sikio la mtoto. Mkunga alikaa kwenye godoro, akashika kichwa. Alikuwa amepokea mamia ya watoto kwa mikono ile na alikuwa na macho ya kusoma mwili wa mwanamke, na juzi aliambiwa kabati akakubali kabati. Hapo hapo, nje gari lilisimama na mlango wake ukabamizwa. Ua ulikuwa na geti moja. Chumba kilikuwa na mlango mmoja, na dirisha lenye nondo zilizochomelewa na mkono ule ule.

"Funga," alisema Mkunga. "Mimi namzuia."

"Mama, huyu hazuiliki."

"Funga nimesema!"

Akatoka. Mama Rangi akasukuma komeo, akageuza ufunguo mara mbili. Alimweka Nukta kwenye kona ya nyuma, akasimamisha godoro mbele yake.

"Usitoke mpaka nikuite. Hata ukisikia nini."

"Hata ukilia?"

"Hata nikilia."

Kupitia nondo za dirisha alimwona Cheche akivuka ua na mtaimbo begani, hana haraka. Mkunga alisimama mbele yake mikono kiunoni, akaanza kumtukana matusi ya mtu mzima asiyeogopa. Alifika katikati ya tusi la tatu. Cheche alimpiga na kitako cha mtaimbo mdomoni, pigo fupi, la kusukuma tu. Mkunga alirudi nyuma hatua mbili, akakalia karai, likapinduka naye. Maji ya sabuni yalitapakaa uani yakiwa na wekundu. Alijaribu kuinuka, akateleza, Cheche akamkanyaga kifundo cha mguu akipita, na Mama Rangi alikisikia kikivunjika.

"Mke wangu," aliita Cheche akiwa mlangoni. Sauti ilikuwa ya upole, ya kuomba chumvi kwa jirani. "Fungua tuongee."

Mama Rangi aliujaribu ufunguo tena; ulikuwa umefika mwisho.

"Nimetoka kazini njia nzima nakuwaza. Mteja amebaki ananishangaa. Fungua." Akagonga bati kwa kidole kimoja.

"Basi nipe mtoto. Wewe kaa na chumba chako. Nipe mtoto wangu niondoke."

"Humpati," alisema Mama Rangi. Yeye mwenyewe alishangaa kuisikia sauti yake. Miaka saba hakuwahi kumwambia neno hilo.

Pigo la kwanza lilitikisa ukuta. La pili liliangusha beseni la vyombo. Alipiga mlango kwa mtaimbo hadi bati likaanza kubonyea kwa ndani, na katikati ya mapigo alikuwa anazungumza, anaeleza kama anayempa mteja bei. Nitaanza na ule mkono mwingine. Halafu miguu, usihame tena. Halafu huyo mtoto ataangalia, ajue mama yake ni kitu gani. Nyuma ya godoro Nukta alikuwa amejiziba masikio, na sikio bovu lilikuwa limeanza kutoa damu tena, inachuruzika kati ya vidole.

Kisha mapigo yakaisha, na Cheche akacheka.

"Nimekuwa mjinga," alisema. "Napiga mlango wangu mwenyewe."

Ncha ya mtaimbo ilichomoza chini ya mlango, ikakwaruza sakafu, ikatafuta mahali pake. Mama Rangi aliijua ile ncha. Alijua pia kwamba Cheche sasa ameinama, goti moja chini, bega limeegemea mtaimbo, uso karibu na bawaba ya chini. Hivyo ndivyo alivyoinama kila siku ya kazi hii. Hasira ilikuwa imemsahaulisha kitu kimoja: hajawahi kuifanya peke yake.

Mlango ulipanda. Upenyo wa juu, ule wa vidole viwili, ukajifunga taratibu mbele ya macho yake. Bawaba zililia. Pini ya juu ikaacha tundu, ya chini ikafuata, na mlango mzima ukabaki umesimama kwa bahati, unayumba, huku komeo likichomoka kwenye shimo lake.

"Shika!"

Alipiga kelele ile kwa mazoea, kama mtu anayepiga chafya. Na mikono ya Mama Rangi ilikwenda. Ilidaka ule ubavu wa chuma unaokatiza mlango kwa ndani, mkono wa kulia na ule wa kushoto uliowahi kuvunjwa, ikashika, na mlango ukatulia. Mlango wote ukawa kwenye mikono yake. Kwa muda wa pumzi moja walikuwa tena mume na mke kazini, mume ameinama, mke amesimama, na kila kitu kiko sawa.

Kwenye upenyo ulioachwa na bawaba alimwona. Alikuwa ameinua uso, jasho linamtiririka, anatabasamu. Alikuwa anangoja ampishe aingie.

Wapo majirani wanaosema alisukuma. Hakusukuma. Na hata angesukuma mimi nisingemlaumu, lakini ukweli ni ukweli: alifungua vidole.

Mlango ulikwenda nje mzimamzima. Ulimkuta Cheche bado ameshikilia mtaimbo, na mtaimbo ndio ulioanza, ulimrudia kwenye taya ukaivunja. Kisha ukingo wa chuma ukamshuka begani, ukamlaza chali, ukamfunika kutoka shingoni hadi magotini kwa kishindo kilichowatoa watu majumbani hadi mtaa wa pili. Mkono wa kulia, ule wa kuchomelea, ulibaki umekunjwa vibaya chini ya kona, na vidole vilivyotokeza nje havikuwa tena na mpangilio wa vidole.

Alipiga yowe. Lilikuwa yowe la maji maji, damu ikimtoka na meno. Mama Rangi alirudi nyuma, akaangusha godoro, akamnyanyua Nukta, akamficha uso kwenye shingo yake. Njia ya kutoka ilikuwa moja, na ilipita juu ya mlango.

Akapanda.

Alihisi chuma kikishuka chini ya miguu yake, kikikalia kitu kinachokubali. Yowe likakatika. Mkono wa kushoto wa Cheche ulijikokota kutoka ubavuni ukamkamata kifundo cha mguu, ukakaza, hata sasa, hata hapo. Naye akasimama. Hakuvuka. Alisimama katikati ya mlango alioupaka yeye, na mtoto kifuani, uzito wa watu wawili, akahesabu pumzi za aliyeko chini zikifupika. Alijisikia vizuri. Tusifiche kitu hapa. Miaka saba hakuwa amejisikia vizuri namna ile.

"Shuka, mwanangu." Ilikuwa sauti ya Mkunga. Alikuwa amejikokota kwa viwiko kutoka kwenye karai, mdomo umepasuka, mguu mmoja unamfuata vibaya. "Shuka. Hawezi kukufanya kitu tena."

"Amenishika."

Mkunga alifika, akavibandua vile vidole kimoja kimoja kwenye kifundo cha mguu, kwa ustadi, kama alivyofungua ngumi za watoto wachanga miaka arobaini. "Haya. Shuka. Huyu nataka aishi, akawe mzigo kwa wauguzi. Wewe hutalala na maiti yake. Umehamia jana, una nyumba ya kupanga."

Mama Rangi alishuka. Alifika katikati ya ua, kwenye matope ya sabuni na damu, akakaa chini. Majirani walikuwa wameshaingia getini, wanne watano wanashindana kuunyanyua mlango, wengine wakipiga simu, mwanamke mmoja akimfunga Mkunga mguu kwa khanga. Hakuna aliyemuuliza kitu. Mikono yake ilikuwa bado mbele yake, vidole vimefunguka, na hakuweza kuvikunja.

Nukta aliinua uso kutoka shingoni. Aliwatazama watu wanaohangaika na mlango, akalitafuta ua la baba kwa macho, akaliona limeangalia chini, mlango ukiwa umenyanyuliwa nusu. Kisha akamgeukia mama yake, na ulikuwa ule ule mtazamo wa siku ya kofi, wa kungoja.

"Mama, baba alisema shika."

"Nilimsikia, mwanangu."